Usiifunike Sahani ya Hawi

Rangwe, Jumatano alasiri

Akinyi mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha sote leo tukiwa na pumzi. Hujambo? Najua utacheka. Mama gani anamwandikia salamu mtu anayelala chumba cha pili? Lakini asubuhi nimekusikia ukikohoa kule uani, na barua ni barua, lazima iulize. Kifua kimepoa? Mimi sijambo, ni magoti tu haya. Hawi amelala hapa mkekani karibu na mguu wangu, kidole kiko mdomoni. Ndicho kitu pekee anachokubali kukiingiza mdomoni bila vita.

Wewe umeenda sokoni kununua kitambaa kipya cha kumbebea, na kesho mnaondoka. Miezi saba umekaa kwangu Ochieng akimalizia vile vyumba viwili kwenye kiwanja cha mama yake kule Migori. Sasa vimekwisha, mume wako anakuita, na ni haki yake. Nitakupa barua hii mkononi leo kabla hujapanga nguo. Isome kabla ya kupanda gari. Usiiweke ndani ya begi ukasema nitasoma nikifika, maana ukifika itakuwa imechelewa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichoandika shuleni mpaka darasa la saba. Kijaluo changu ni cha mdomo. Tena kuna neno hapa mbele ambalo nikiliandika katika barua ya Kijaluo tupu, sitaimaliza.

Sitakuambia kuhusu chandarua wala kuchemsha maji. Sitakufundisha kupika uji. Hayo unayajua kunipita, na ukisahau utamuuliza jirani. Mimi nataka tuzungumze juu ya kifuniko cha sufuria.

Jana mchana jirani yetu Min Otieno aliingia kuomba chumvi. Ulikuwa umemketisha Hawi na ugali na kipande cha mbuta ulichomchambulia miiba vizuri. Mama wa watu hajamaliza hata kusema hodi, ulishakamata kifuniko ukaifunika sahani, ukamgeuza mtoto akaangalia ukuta. Niliona. Na Min Otieno aliona. Alichukua chumvi yake akasema, "Haya, mtoto ashibe," akatoka bila kuketi. Huyu ni mwanamke aliyekujua kabla hujaota meno.

Halafu jioni nikakusikia nyuma ya jiko ukizungumza na simu. "Tutapitia kwa yule mama wa Ndhiwa kwanza amtoe hiyo kitu, ndio twende Migori." Ndiyo, nilikuwa nasikiliza. Nilisimama na karai la omena mkononi, maji yananidondokea miguuni, nikasikiliza mpaka neno la mwisho. Hiyo tabia yangu unaijua. Baba yako alikuwa akisema nyumba hii haihitaji mbwa.

Basi nikakuita ndani, nikaanza, "Akinyi, kuhusu Ndhiwa…" Hukuniacha nimalize. Ukasema, "Mama, wewe ndiye ulinifundisha kuangalia macho ya watu."

Nilirudi kwenye karai langu kwa sababu ni kweli. Usiku nimeomba juu ya hilo jibu, na asubuhi likawa bado limekaa kifuani. Kwa hiyo acha nikueleze nilijifunzia wapi hayo niliyokufundisha.

Ulipokaribia miaka miwili ulikataa chakula. Si kama Hawi, zaidi ya Hawi. Nilianza na uji wa mahindi, ukatema. Nikasaga wimbi na mtama, nikatia maziwa, ukatema ukiniangalia machoni. Yai la kuchemsha ulilishika kama mpira ukalirusha nje, kuku akalidonoa yai lake mwenyewe. Mrenda uliupenda kwa kuuvuta, unauvuta kama uzi unacheka, lakini kumeza, wapi! Malenge ulijipaka nywele. Nikileta ngege mzima, ukiona tu lile jicho la samaki unaanza kulia. Ukabaki na macho makubwa na shingo nyembamba, na kila aliyekuja alisema, "Huyu mtoto ana nini?" Hakuna neno linalomchoma mama kama hilo. Siku hizi najua wewe nawe umelisikia.

Nikafanya walivyofanya mama zetu. Nilikulaza mapajani, nikakunja kiganja chini ya mdomo wako kama bakuli, nikamimina uji mpaka ukafunika pua. Mtoto akitaka kupumua lazima ameze. Ulikuwa unapiga miguu. Na mimi, Akinyi, nilikuwa naomba kwanza. Nafumba macho, namshukuru Mungu kwa chakula hiki, nasema amina, kisha nafungua macho na kukuziba pua. Miaka mingi sikuona kwamba hayo mawili hayakai kwenye mkeka mmoja.

Baada ya wiki chache ukawa ukiona bakuli lolote, hata tupu, unajificha chini ya kitanda. Sasa mtu mwenye akili angesema mtoto anaogopa bakuli. Mimi nikasema mtoto ameangaliwa kwa jicho baya.

Na wa kumshuku alikuwa karibu. Gati humkumbuki vizuri, alikuwa mke wa Okelo, mdogo wa baba yako. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kehancha, na nyumba yake ilikuwa pale ambapo sasa tunapanda mahindi. Gati hakukijua Kijaluo sawasawa. Mtu akizungumza, alikuwa anamkazia macho mdomoni ili ashike maneno. Ona sasa: mtu anakuangalia ili akuelewe, wewe unasema anakuangalia ili akuharibie. Tukikaa kula pamoja nyumbani kwa mama mkwe, tunaongea na matonge mdomoni, na Gati anatuangalia midomo. Nikaanza kuona hivi: kila siku Gati akikaa karibu, Akinyi hali. Siku ambazo Gati hakuwepo nawe hukula vilevile, hizo sikuziona.

Rafiki yangu mmoja wa kanisani, tena ambaye tulikuwa tukifunga na kuomba pamoja, alinishika mkono njiani akasema, "Wa kwako anakonda, watatu wa yule nyar Kuria wananenepa. Wewe unangoja nani akuambie?"

Nikamwambia, "Lakini sina hakika."

Akasema, "Hakika utaipata makaburini."

Basi. Neno likaingia. Sihoho. Kwetu hakuna asiyelijua: mtu mwenye hilo jicho akikutazama ukila, tonge linageuka jiwe tumboni. Tangu siku hiyo nikawa nakulishia ndani, mlango umefungwa na dirisha limezibwa na gunia. Nje unawasikia watoto wa Gati wakicheza, ndani ni mimi na wewe na bakuli, na macho yangu yako kwenye mdomo wako, nahesabu kila unachomeza. Ulikataa hata maziwa.

Nikakubeba mgongoni mpaka kwa mama mmoja wa kutoa vitu tumboni, naye alikuwa upande wa Ndhiwa. Huenda ni mama wa huyu wako, maana kazi hizo watu hurithishana. Wewe ulikuwa huwezi kunizuia, lakini mimi naweza kukuzuia wewe, ndiyo maana nakuambia haya yote bila kuficha. Alikulaza juu ya jani la mgomba. Akakuchanja kwa wembe chini ya kitovu, akapaka dawa nyeusi, akakanda, akakanda, wewe umelia mpaka sauti imekauka. Kisha akafumbua kiganja akanionyesha. Kichwa cha omena.

"Ona. Hiki ndicho kilichomkaba. Mwanamke wa karibu ndiye aliyemwangalia akikila."

Nikasema, "Asante, mama."

Akinyi, hukuwa umewahi kula omena. Hata moja. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe, kwamba hukula omena wala chochote! Nilijua pale pale, nimesimama, kichwa cha samaki kiko mbele yangu. Mimi ambaye namshuku mama wa maziwa kwamba anatia maji, namshuku mshona viatu, nimemshuku mpaka mchungaji siku alipobadilisha siku ya sadaka, mtu huyu mmoja sikumshuku. Kwa sababu alinipa jibu nililokwenda nalo. Nikafunga mdomo wangu, nikakufunga mgongoni, nikarudi nyumbani nimeshiba hasira.

Na zile alama ndogo tumboni mwako, ulizoniuliza ukiwa msichana ukioga, nikakuambia ni tetekuwanga. Haikuwa tetekuwanga. Nisamehe kwa wembe, na nisamehe kwa uongo.

Wiki mbili baadaye ulinipotea. Nilikuwa naanua nguo, nageuka, hakuna mtoto. Nimeita mpaka kisimani. Nikakupata kwa Gati. Watoto wake watatu walikuwa wamezunguka sinia moja chini, viazi vitamu vilivyopondwa na njugu za kusaga, na wewe ulikuwa wa nne. Ulikuwa unakula. Mashavu yako yamejaa kama ya panya wa shambani. Mmoja wa wale watoto alikuwa anavuta sinia upande wake, wewe unavuta upande wako, mnagombania! Na Gati alikuwa amewapa mgongo, anapeta wimbi kwenye ungo, anaimba kidogo kwa Kikuria. Hakuwa anakuangalia hata kidogo.

Mama mwingine angepiga magoti pale akamshukuru Mungu. Mimi nilikuvuta kwa mkono mmoja ukaangusha chakula, nikapiga kelele, "Kumbe unamlisha mwenyewe ili umfunge kabisa!" Na lile neno nikalitamka, mbele ya watoto wake, mbele ya wanawake waliotoka majumbani kuangalia. Jasihoho, mwenye jicho hilo.

Gati aliweka ungo chini. Akasema polepole, kwa Kijaluo chake kilichovunjika, "Min Akinyi, sikumwita. Amekuja mwenyewe. Na kijiko amekuja nacho."

Niliangalia. Ulikuwa umeshika kijiko chetu.

Nilikiona kile kijiko na bado sikunyamaza. Hapo ndipo nataka ukae kidogo, mwanangu, ufikirie. Shaka ikishakolea haitaki ushahidi. Ushahidi ukija, shaka inauuliza umetumwa na nani.

Neno kama lile halirudi mdomoni. Babu yako alipofariki, wanawake walikuwa wanapika ugali wa wageni, na Gati alikuja akashika mwiko kama mke yeyote wa boma. Mmoja akauchukua mkononi mwake, taratibu, bila matusi, akamwambia, "Wewe pumzika." Kisha wakamwaga kile alichokuwa amekwisha kusonga. Gati alinawa mikono yake, akaikausha kwenye gauni, akaondoka. Mavuno yalipokwisha alichukua watoto wake watatu akarudi kwao. Okelo akamfuata, na hajarudi kujenga hapa mpaka leo. Baba yako, Mungu ampumzishe, hakunigombeza. Alisema mara moja tu, "Umenipunguzia ndugu," akaenda kulala.

Na je, mwenye jicho alipoondoka, ulikula? Hukula! Ulikuwa unakwenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba ya Gati, mlango una kufuli, unangoja. Siku ya kwanza nilikurudisha. Siku ya pili nilikurudisha. Siku ya tatu nikakaa na wewe pale chini, nikalia mpaka mgongo ukauma.

Nikakupeleka kliniki, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya wembe. Muuguzi alikupima, akakunja uso. Nilitarajia aniulize unakula nini, na majibu nilikuwa nayo, uji wa hivi, samaki wa vile. Akaniuliza, "Mama, huyu mtoto anakula na nani?"

Nikasema, "Na mimi."

"Na wewe nawe unakula?"

Mimi nilikuwa nakula baadaye, nimesimama jikoni, nimechoka.

Nilirudi nikafanya nilichomwona Gati akifanya. Nilikwenda kwa Min Otieno, huyu huyu wa chumvi, nikamwambia nina aibu lakini nikopeshe watoto wako saa ya chakula. Alinicheka. "Nikukopeshe? Wachukue kabisa, hawa ni nzige!" Akaleta wawili kila mchana, na yeye mwenyewe akawa anakuja na chakula chake, wakati wanawake wengine walikuwa bado wananong'ona kwamba labda mwenye jicho ni yeye sasa. Niliweka sinia chini mlangoni, mlango wazi. Mimi nikageuka kubambua njugu. Kugeuka kule, mwanangu, kulikuwa kugumu kuliko kufunga siku tatu. Shingo ilikuwa inataka kurudi yenyewe. Nikawa nasikiliza tu. Nasikia, "Hiyo yangu!" Nasikia mtu anatafuna.

Siku ya kwanza ulikula tonge moja. Ya pili hukula. Wiki ikaisha ukiwa umekubali viazi na njugu, kwa sababu ndicho ulichokuwa umenyang'anywa. Halafu ugali wa wimbi, nikifinyanga vidonge vidogo kama shanga, na mchuzi wa samaki pembeni kila mmoja achovye mwenyewe. Ulikuwa unachovya kidole zaidi ya ugali, na nikakuacha. Omena niliikaanga ikakauka, nikaitwanga, nikaiweka kwenye kibakuli kama chumvi, kila mtoto anajinyunyizia. Ulipenda kunyunyiza, kwa hiyo ukala ulichonyunyiza. Nyoyo ya mahindi na maharagwe nilikupondea, ukataka isiyopondwa kama ya wakubwa, ukaitafuna kwa meno yako madogo. Parachichi mpaka leo hulipendi, na hujafa. Kuna siku ulikula matonge kumi, kuna siku mawili, na mimi nikajifunza kuinua sinia bila kusema neno. Hakukuwa na muujiza. Ilichukua msimu mzima wa mvua.

Utaniuliza kama nilimwomba Gati msamaha. Sikia.

Ulikuwa darasa la sita. Tulikwenda Migori kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, nikaingia sokoni kutafuta wimbi, na nyuma ya magunia alikuwa Gati. Amenenepa, amefunga kilemba cha manjano. Alinitambua kwanza. Nikataka kupita, lakini miguu ikakataa.

"Min Akinyi," akasema, Kijaluo chake sasa kimenyooka kuliko changu. "Unataka wimbi? Au unaogopa? Wangu una macho."

Wanawake wa meza za jirani walicheka bila kujua wanachekea nini. Nikasema, "Nipe kilo mbili." Alinipimia, akaongeza kiganja kimoja juu. Kisha akamwita mwenye chai, akaninunulia kikombe na mandazi mawili, akaniwekea juu ya gunia. Na akageuka. Akanipa mgongo wote, mikono kiunoni, akasema akiangalia upande wa barabara, "Kula. Sikuangalii."

Akinyi, lile andazi halikushuka. Nilitafuna, nikatafuna, koo limefungwa. Hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia na koo lilifungwa. Nililiweka lililobaki kwenye mkoba. Nikataka kusema, nisamehe dada yangu. Nikasema, "Chai ni tamu."

Akageuka, akaniangalia mdomoni vile vile kama zamani, akauliza, "Mtoto anakula?"

Nikasema, "Anakula."

"Basi," akasema, akaita mteja mwingine.

Nimebeba hiyo basi yake miaka yote hii. Nimeungama kwa Mungu mara nyingi, na naamini amenisikia, lakini Mungu si Gati. Nilirudi sokoni pale mara mbili, sikumpata. Wakasema amehamia mpakani Isebania. Nitamtafuta tena. Huo ni mzigo wangu, sikupi wewe.

Sasa tuje kwa mama mkwe wako. Sitajifanya malaika: mimi mwenyewe simwamini sana. Alipokuja hapa kutembea alifunua sufuria zangu zote, hata ile ya maji ya kuoga. Anakaa kimya, kisha anasema kitu kimoja kinachokaa kama mwiba. Na aliposema, "Mjukuu wangu mbona mwepesi hivi?" nilikuona uso ulivyobadilika. Lakini mtu wa kufunua sufuria ni mdaku tu. Udaku haujawahi kumfunga mtoto koo. Mtakaa kiwanja kimoja, jiko lenu na lake yanatazamana. Ukienda kwake na mtoto aliyechanjwa tumbo, siku ya kwanza tu atakapomwogesha ataona, na atajua uliyemfikiria ni nani. Hutahitaji kutamka neno. Utakuwa umelitamka.

Mwache Hawi ale kwa bibi yake. Kama atamchukua mezani kwake na binamu zake wakagombania sinia, wewe tafuta njugu ubambue. Na kama anapungua kweli kweli, au anaharisha, au analegea, nenda kliniki, usingoje mpaka watu wakuulize ana nini.

Nimefika mahali pagumu. Kalamu nimeiweka chini mara mbili, nimekwenda kuangalia njia kama unarudi.

Unasema Hawi ameangaliwa kwa sababu ameacha kula tangu mje hapa. Umewahesabu waliokuja: Min Otieno, mama wa maziwa, yule mzee wa kuuza kamba. Umewapima mmoja mmoja. Mimi nikakuacha uwapime.

Ndani ya sanduku langu la nguo za kanisa, chini ya lile gauni la bluu, kuna kopo. Ndani yake ni biskuti. Kila ukienda sokoni, au kisimani, au kwa fundi wa nguo, Hawi analia akikufuata, na mimi siwezi kustahimili kilio cha mtoto huyu, sijui ni uzee. Nampa biskuti mbili, anaomba nyingine, nampa. Namtengenezea chai ya maziwa, sukari vijiko viwili, wakati mwingine vitatu. Anatulia, anacheka, ananiita dani, bibi. Kisha nampangusa mdomo kwa leso, na leso naifua kabla hujarudi. Unarudi, unapika, unamchambulia samaki wa watu miiba yote, na mtoto anageuza uso. Ameshiba, Akinyi. Jana Min Otieno alipokuja na ukaifunika ile sahani, biskuti nne zilikuwa zimo tumboni tangu saa nne asubuhi. Nilisimama pale pale nikakuangalia ukimgeuza mtoto ukutani, na nikanyamaza. Ni kunyamaza kule kule kwa kichwa cha omena.

Leo pia nimempa. Ndiyo maana amelala mapema hivi.

Kasirika. Nastahili kukasirikiwa. Ukitaka kunifokea, nifokee leo jioni nikiwa mbele yako, sitajitetea. Nitakwenda mwenyewe kwa Min Otieno kumwambia kilichofanya sahani ifunikwe, sitakutuma wewe. Lakini kesho asubuhi gari la Ndhiwa likiita abiria, wewe na Hawi mliache lijae na wengine. Pandeni la Migori la moja kwa moja. Mtoto wako hana kitu cha kutolewa tumboni ila utamu wa bibi yake, na huo utaisha wenyewe akikosa kwa siku chache. Atalia. Mvumilie.

Mungu awatangulie. Mwambie Ochieng nimemsalimu, na mama yake pia, tena mwambie karibu Rangwe, sufuria zipo.

Nijibu haraka, nakuomba. Usinipigie simu, kwenye simu unajua kunituliza, na mimi najua kujifanya nimetulia. Andika kwenye karatasi, umpe mtu yeyote anayekuja huku, uniambie mlipita njia gani. Hata kama ni ile nisiyoitaka, andika hivyo hivyo ilivyokuwa. Ningependa niwe nimeipata kabla ya Jumapili.

Mimi mama yako.